Mkebe Uliojifanya Mota

Mama mkwe wangu, Cheptanui, aliingia karakana ya Harbans Singh mjini Nakuru akiwa na matope hadi magotini na kuku kwapani, na kabla hata hajaketi akauliza ile mota ya majaribio niliyomwahidi iko wapi.

"Chamgei, Mama," nikamsalimu.

"Chamgei mising. Mota iko wapi?"

Nikamwonyesha mkebe wa biskuti uliokuwa juu ya meza, nyaya zikitoka kila upande kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi.

Cheptanui si mtu wa kuficha uso. Aliutazama mkebe, akanitazama mimi, akarudi kwa mkebe.

"Mama Chepkoech," akaniambia, kwa jina la mwanangu, "nimetoka Kuresoi juu ya lori la mbao. Nimekalia magogo na mvua inaninyeshea. Wanawake wote wa kikundi nimewaambia, msiogope, mke wa mwanangu ana diploma ya stima. Sasa unanionyesha mkebe."

"Si mkebe tu, Mama."

"Biskuti zimebaki ndani?"

"Hapana."

"Basi ni mkebe tu."

Harbans, mwenye karakana, alikuwa ameinama chini ya meza yake akitafuta spana. Tulimsikia akicheka huko huko. "Mimi ilimwambia, mama! Mimi nasuka mota tangu huyu akiwa mtoto, sijaona mota ya biskuti. Lakini binti yako iko na kichwa ngumu."

"Si binti yangu," Cheptanui akamjibu. "Ni mke wa Jonah. Kichwa alikuja nacho."

Niliwaacha wanicheke. Nina watoto wanne nyumbani na mume mwalimu, kuchekwa hakunichomi.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Kule Kuresoi kikundi cha Cheptanui kililima viazi bondeni, karibu na mto, mahali udongo ni mweusi na kiazi kinanenepa. Barabara nayo iko juu ya kilima. Kila gunia lililofika barabarani lilipandishwa na mgongo wa mwanamke, kamba imemkaza kipajini, magoti yanalia. Mwaka huo wa sabini na saba, mzungu mmoja aliyekuwa akihama aliuza vitu vya shamba lake, na kikundi kikanunua jenereta, winchi ya kuvuta mizigo kwa kamba ya chuma, na mota kubwa kuukuu ya kuzungusha hiyo winchi. Wakalaza reli kutoka mtoni hadi juu, wakapata toroli. Ikabaki paneli, yaani lile kabati la swichi linaloiambia mota anza, simama, polepole, shika. Hiyo ndiyo niliyokuwa ninaitengeneza mimi.

Lakini mwenyekiti wa ushirika, Mzee Kiprugut, aliitaka hiyo jenereta na hiyo mota kwa kiwanda chake cha mbao. Akasema wanawake watazichoma bure. Walibishana mpaka chifu akachoka, akakata shauri: Jumamosi, mbele ya watu wote, toroli lipande kutoka mtoni hadi barabarani likiwa na mzigo. Likifika, mashine ni ya wanawake. Likishindwa, mashine inakwenda kwa mbao, na wanawake warudie kamba zao. Hakuna jaribio la pili.

"Na unajua Kiprugut anasema nini sokoni?" Cheptanui akaniambia, akimfunga kuku miguu kwenye mguu wa meza. "Anasema hiyo winchi haiwezi kumvuta hata yeye."

"Ana uzito gani?"

"Mnono. Akikaa kwa benchi, wa upande ule mwingine anainuka."

Sasa, paneli haiwezi kupelekwa kilimani bila kujaribiwa. Waya mmoja ukikaa vibaya, mota inaungua, na mota ilikuwa hiyo moja tu. Ikiungua inakuwa chuma cha kufungia mbuzi. Na kuileta Nakuru haikuwezekana, kwa sababu walikuwa wameshaifunga kwa saruji juu ya kilima, na barabara ya Molo wakati wa mvua unaijua. Kwa hiyo nilihitaji mota bila mota. Nilihitaji kitu cha kuidanganya paneli.

Chuoni Nairobi mwalimu wetu alikuwa na mashine ya namna hiyo, kubwa kama kabati la nguo. Mimi nilikuwa na mkebe. Ndani yake niliweka vidude vyeusi nilivyopata kwa Shabir, yule fundi wa redio, kila kimoja kina miguu minane kama kupe mwenye njaa. Kazi yao ni kufanya hesabu kwa stima. Paneli inatuma nguvu. Mkebe unajiuliza, mota halisi ingepata nguvu hii na mzigo huu, sasa hivi ingekuwa inazunguka kwa kasi gani? Kisha unaijibu paneli: kasi ni hii. Paneli inaamini. Mshale wa mita unaonyesha kasi, nasi tunatazama.

"Kwa hiyo mkebe unadanganya," Cheptanui akasema nilipomweleza.

"Unadanganya."

"Na paneli haijui."

"Haijui, ilimradi uongo usemwe kwa wakati."

Hapo ndipo nilipoteseka wiki iliyotangulia. Mkebe wangu wa kwanza ulikuwa unachelewa kujibu. Kidogo tu, kama kupepesa jicho, lakini paneli ikaingiwa na wasiwasi. Ikaongeza nguvu, ikapunguza, ikaongeza, swichi zikagongana kama meno ya mtoto mwenye malaria, Harbans akakimbilia nje akishika kilemba chake. Nililijua lile tatizo. Nina mtoto wa kiume wa miaka kumi. Nikimuuliza ametoka wapi, akijibu papo hapo "kwa akina Otieno," ninaweza kuamini. Akinyamaza kidogo kwanza, ninachukua mwiko. Uongo unaochelewa hauna faida. Nilibadilisha vipande viwili mkebeni, ukaanza kujibu papo hapo, na paneli ikatulia.

"Keti hapa, Mama," nikamwambia Cheptanui. "Wewe utakuwa mzigo."

Kulikuwa na kizungushio kando ya mkebe. Ukikipeleka kulia, mkebe unajiona umebeba viazi vingi zaidi. Harbans alikuwa ameandika chaki pembeni: gunia moja, mawili, matatu, mpaka sita.

Cheptanui akakizungusha mpaka sita, kisha akaendelea.

"Basi, basi!" Harbans akapaza sauti. "Toroli inabeba gunia sita."

"Gunia la namna gani?"

"Gunia, mama. La serikali. Kilo tisini."

Cheptanui akacheka mpaka kuku akashtuka. "Wewe mzee hujanunua viazi. Gunia letu linajaa mpaka mdomoni, halafu juu tunashona kamba na majani, viazi vinaendelea kupanda. Linavaa kilemba. Kama wewe."

Harbans akagusa kichwa. "Hii yangu ni kitambaa tu. Hakuna kiazi ndani."

Nilishaujua huo mchezo wa kilemba, mimi hununua viazi kila wiki, na chaki zile alizichora Harbans bila kuniuliza. Nikazifuta, nikachora upya.

Tukaanza. Nikabonyeza kitufe cha kuanza. Mshale ukainuka taratibu, ukasimama mahali pake.

"Sasa toroli linapanda," nikamwambia.

"Liko wapi?"

"Karibu na mto bado."

Akawa anautazama mshale kwa makini, kichwa kimeinama upande. Baada ya muda akasema, "Sasa litakuwa limefika kwa shamba langu. Simamisha. Niongeze gunia langu."

Hilo nalo lilikuwa kwenye mpango wetu tangu mwanzo. Mashamba mengine yako katikati ya mteremko, na toroli lingesimama hapo kupakia. Nikabonyeza kitufe cha kusimama. Breki ikashika, au tuseme mkebe ukajifanya breki imeshika. Cheptanui akaongeza mzigo. Nikabonyeza kuanza.

Mshale ukaanguka. Ukapita sufuri, ukaenda upande wa pili.

"Inamaanisha nini?" Cheptanui akauliza.

"Toroli linarudi nyuma."

"Linarudi wapi?"

"Mtoni."

"Viazi vyangu!" Akaruka, akaushika mkebe kwa mikono miwili kana kwamba angeuzuia usiteremke. "Simamisha! Wangare, simamisha, kuna watoto wanachota maji!"

Nikazima. Tukatazamana. Akauachia mkebe polepole, akajipangusa mikono kwenye leso.

"Mnadanganya vizuri," akasema.

Harbans hakucheka safari hiyo. Wote watatu tulijua tulichokiona. Kama paneli ile ingekwenda kilimani vile ilivyokuwa, Jumamosi toroli la kweli lingerudi mtoni kweli, na magunia ya kweli, mbele ya Kiprugut.

Niliitafuta sababu hadi saa ya chakula na kuipata nikiwa ninampokea jirani yetu mtoto wake ili aingie chooni. Mwanamke hakuachii mtoto kwa sababu umenyoosha mikono. Anakuachia akihisi umeshaubeba uzito. Paneli yangu ilikuwa inaiachilia breki mara tu kitufe kinapobonyezwa, wakati mota ndiyo kwanza inanyoosha mikono. Nikabadilisha mpangilio wa swichi: mota ishike kwanza, ikaze, ikishabeba uzito ndipo breki iachie. Nikajaribu. Mshale ukatetemeka kidogo, ukapanda. Nikajaribu tena na tena, Cheptanui akisimamisha popote alipotaka, na kila mara mshale ulipanda.

"Sasa mimi iko na swali," Harbans akasema. Akasukuma kizungushio hadi mwisho wa kushoto. Mzigo hakuna. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Mshale uliruka ukagonga ukingo wa mita kwa kishindo, ukapinda.

"Aha," Harbans akasema.

Ni jambo la kawaida. Mtu akijikaza kupokea mtoto mnono halafu ukampa mto, ataurusha darini. Mota ilijikaza kwa magunia sita yenye vilemba. Ikipewa toroli tupu, italirusha litoke kwenye reli. Kuiponya kulihitaji kifaa cha kupima uzito kwanza, na kifaa hicho kilikuwa Nairobi, na siku zilizobaki zilikuwa mbili tu.

"Mama," nikamwuliza Cheptanui, "kuna siku mtapandisha toroli tupu?"

"Kupeleka nini? Hewa?" Akawa anamfungua kuku wake, amkabidhi Harbans kama shukrani. "Toroli linashuka tupu, linapanda limejaa. Nani anabeba kikapu kitupu akipanda mlima? Sisi si wendawazimu."

Nikaandika kwenye paneli kwa rangi nyekundu: USIPANDISHE TUPU. Harbans akatikisa kichwa huku kuku akimpiga mabawa kifuani. Alisema iko siku nitajuta. Nikamwambia atafute mshale mwingine wa mita.

Jumamosi mvua ilitupa likizo. Harbans aliileta paneli kwa pikapu yake, tukaifunga kwenye kibanda cha mabati juu ya kilima, kando ya mota. Yeye akabaki pale juu kuilinda. Mimi nikateremka mtoni, kwa sababu hotuba zilikuwa huko, na nilitaka kuona mzigo ukipakiwa kwa macho yangu. Cheptanui alikuwa na filimbi ya Jonah ya michezo shingoni. Ndefu moja, simama. Fupi mbili, endelea. Yeye angekaa katikati ya mteremko, shambani kwake, mahali ambapo juu na chini wote wanamsikia.

Magunia yalikuwa yamepangwa kando ya reli, vilemba juu, safi kama wageni wa arusi. Chifu akazungumza. Kisha akasimama Kiprugut, na benchi likapumua.

"Mimi siwapingi akina mama," akasema. "Hata mke wangu ni mama." Watu wakacheka. "Lakini kitu kipya lazima kiangaliwe. Hata lori jipya haliwekwi mzigo siku ya kwanza. Kwanza lipande tupu, tuone kama linakwenda. Tuweke kibuyu cha maziwa ya mursik ndani kwa baraka, basi. Likifika salama, ndipo tupakie."

Watu wote wakaitikia ndiyo. Na nitasema ukweli, hata akina mama wa kikundi waliitikia. Ukimtazama kila mmoja usoni, ungeona anafikiria gunia lake na mto ulio chini. Kiprugut hakuwa na hila. Alikuwa anasema maneno ya busara, na busara ile ingetuua.

Chifu akanigeukia. "Mama wa stima, unasemaje?"

"Haliwezi kupanda tupu," nikasema.

Kikazuka kicheko, kile cha wanaume kinachoanzia tumboni.

"Haliwezi kupanda tupu!" Kiprugut akarudia, akiwageukia wenzake wa kamati. "Mmesikia? Mashine ya kubeba viazi, lakini bila viazi haiwezi. Mimi hata punda wangu anaweza kutembea bila mzigo."

"Punda wako hana nguvu za kutosha kujirusha," nikamwambia. "Hii inazo. Imetengenezwa kwa mzigo. Weka magunia sita, itapanda."

"Magunia ya nani?" chifu akauliza.

Nikawatazama akina mama. Huyu akamtazama yule. Yule akamtazama mwenzake. Mmoja akasema tungojee kidogo, mwingine akasema la kwake lina mbegu. Cheptanui angetoa la kwake bila kusita, lakini yeye na gunia lake walikuwa huko juu katikati ya mteremko, mkono umeziba jua, akishangaa kwa nini tumechelewa. Niliona chifu anaitazama saa yake. Mtu akitazama saa namna ile, anatafuta mlango. Bado kidogo angesema basi, mashine imeshindwa, na wanawake wale wangerudi kuvaa kamba kipajini kwa sababu ya haya zao wenyewe.

Nikamwangalia Kiprugut. Alikuwa bado anacheka, mikono juu ya tumbo. Nikalipima lile tumbo kwa jicho. Nimezoea kupima, ninanunua nyama kila Jumamosi.

"Mzee Kiprugut," nikasema kwa sauti ya darasa, ile ninayoitumia nyumbani, "ulisema sokoni kwamba winchi hii haiwezi kukuvuta hata wewe."

"Nilisema."

"Panda."

"Nini?"

"Panda kwa toroli. Wewe na kamati yako yote. Ikishindwa kuwavuta, mashine ni yenu, hata chifu hana haja ya kuamua. Au mnaogopa mashine ya wanawake?"

Mama mmoja akapiga kigelegele. Neno hilo la kuogopa lilikwisha kusemwa mbele ya watu, na hakukuwa na mahali pa kulirudisha. Wanakamati walikuwa tisa pamoja naye. Walimtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akavua koti, akalikunja, akapanda. Toroli likalia. Wengine wakafuata mmoja mmoja, wakajibana, magoti kwa magoti. Chifu mwenyewe akamkabidhi Kiprugut kile kibuyu cha mursik.

"Usimwage baraka, Mzee," akamwambia.

Mimi nikaanza kupanda kilima kwa miguu. Kama hujawahi kupanda kilima kile, usiseme unawajua wanawake wa Kuresoi. Nilikuwa mikono mitupu na bado niliona nyota. Nyuma yangu wanaume tisa walikaa juani wakingoja, na watu wamewazunguka. Mmoja alijaribu kushuka akisema miguu imekufa ganzi. Akina mama wakamrudisha. "Viazi havishuki," wakamwambia.

Nilipompita Cheptanui shambani kwake, akaniuliza, "Ni nini kile mmepakia?"

"Kamati."

Alitazama chini, akatazama tena, kisha akaketi juu ya gunia lake na kujifunika uso kwa leso, mabega yakitikisika. Nikamwacha acheke, pumzi ya kuongea sikuwa nayo.

Kibandani Harbans alikuwa ameshawasha jenereta. "Umepakia nini?"

"Wanaume tisa."

"Kilo ngapi?"

"Kama magunia sita yenye kilemba. Mwenyekiti peke yake ni gunia na nusu."

Harbans akafumba macho, akasema maneno kwa Kipunjabi. Filimbi ikalia kutoka katikati, fupi mbili. Nikabonyeza.

Mota ikanguruma. Nilikuwa sijawahi kuisikia. Mkebe wangu haukuwa na sauti, ulikuwa ni mshale tu. Hii ilivuta pumzi kama ng'ombe anayeinuka, ikakaza, sakafu ikatetemeka, breki ikaachia kwa mlio, na kamba ya chuma ikaanza kujikunja kwenye winchi. Nikatoka mlangoni nione. Toroli lilikuwa linapanda, taratibu, tena kwa adabu, na Kiprugut ameshika kibuyu kwa mikono yote miwili kama mtoto wa kubatizwa.

Likafika shambani kwa Cheptanui. Filimbi ikalia, ndefu.

Nikabonyeza kitufe cha kusimama. Toroli likasimama.

"Imekufa!" Kiprugut akapaza sauti, na bonde lote likasikia. "Mmeona? Chifu, umeona? Imekufa!"

Cheptanui akasogea hadi kando ya reli, akanyoosha mkono kwa heshima zote, na sauti yake ikatufikia hadi kibandani.

"Mzee Kiprugut, chamgei."

Salamu ni salamu hata ukiwa kwenye toroli. "Chamgei mising. Cheptanui, tutoe hapa."

"Watu wa nyumbani ni wazima?"

"Wazima. Sikiliza..."

"Na ng'ombe?"

"Ng'ombe ni wazima!"

"Yule wa baka, alizaa?"

"Alizaa ndama jike! Cheptanui, jua linatuua, hii kitu itaturudisha mtoni!"

"Hairudi. Imeshika. Wewe ungekuwa unaongea nami kama ingekuwa inarudi?" Akainama, akaliinua gunia lake akisaidiwa na mama mwenzake, kilemba na vyote, na kuliweka juu ya mapaja ya mwenyekiti na ya katibu wake. "Hapa ndipo stesheni yangu. Pakateni vizuri, lina mbegu ndani."

Filimbi, fupi mbili.

Hapa ndipo mshale ulipoanguka siku ile, na hapa hakukuwa na mkebe wa kushikwa kwa mikono miwili. Nikamwona Harbans akiziba masikio. Nikabonyeza.

Mota ikanguruma. Ikakaza. Kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka, toroli halikwenda juu wala chini. Nikawa ninasema kimoyomoyo: mshike, mshike kwanza, usimwachie. Breki ikaachia. Toroli likatikisika kidogo, kidogo tu, kama mtu anayejiweka sawa kitini, kisha likapanda.

Halikurudi hata kidole. Lilipofika barabarani watu waliokuwa juu walikuwa wameshaanza kuimba. Harbans alizima kila kitu kilichozimika, akatoka nje, akaketi kwenye jiwe. Chifu na umati wakaja wakihema kutoka chini, na walipofika wakamkuta Kiprugut bado amekaa, gunia mapajani, kibuyu kifuani.

Chifu akakichukua kibuyu, akakitikisa, akatazama kifuniko. Hakuna tone lililomwagika.

"Mzee," akauliza, "umefikaje hapa?"

Kiprugut alitafuta njia. Nilimwona akiitafuta, macho yakienda huku na huku. "Nimevutwa," akasema mwishowe. "Sikatai, nimevutwa. Lakini maneno yetu yalikuwa viazi. Tulisema toroli lipande na viazi. Sisi si viazi."

Watu wakaguna. Chifu akakuna kidevu. Ni mtu wa sheria.

"Na hicho ulichopakata ni nini?" ikatoka sauti ya Cheptanui, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anafika, leso begani. "Mtoto wako?"

Kiprugut akainama akalitazama lile gunia kana kwamba limemwotea mapajani. Nadhani alikuwa amelisahau, kwa jinsi alivyokuwa amelikumbatia. Kisha akafanya jambo lililonifanya nimpende kidogo. Alicheka. Alicheka mpaka toroli likatikisika na katibu wake akaomba msaada.

"Teremsheni viazi," akasema, "halafu mniteremshe na mimi."

Ndivyo ilivyoisha. Jioni hiyo magunia yote yaliyokuwa yanaona haya mtoni yalipanda, na akina mama waligombania nani awe wa kwanza. Cheptanui alisimama nami mlangoni mwa kibanda akiisikiliza mota ikinguruma kila mara ilipokuwa inashika mzigo.

"Huyu ana sauti," akasema.

"Wa kweli wote wana sauti, Mama."

"Yule wa Nakuru alidanganya kimya kimya. Kama Jonah." Akaivua filimbi shingoni, akaipangusa kwa leso, akanipa. "Mrudishie. Na ule mkebe usiutupe. Kiprugut ameniambia kuna mashine ya kupasua mbao anataka kuinunua, na anaogopa kuiwasha."